Pole ya Leo

Kitu cha kwanza alichokigundua Kimya kilikuwa kikombe.

Kila asubuhi mama yao alimimina chai katika vikombe vitatu, akavipanga juu ya ndoo iliyofunikwa, na kila mtu akachukua chake. Cha dada yake kilikuwa kile kilichovunjika mpini. Dada alikishika kwa mikono miwili, akakipuliza kidogo, kisha akatoka nacho uani kama mtu anayekwenda kupunga upepo. Aliporudi kilikuwa kitupu. Mama alifurahi kuona binti yake mkubwa anamaliza chai. Lakini Kimya hakuwa msemaji, na mtu asiyesema hubaki na muda mwingi wa kutazama. Aliona kwamba nyuma ya nyumba, pale mfereji unapopita, saruji imepata doa la rangi ya chai, na sisimizi wamepanga foleni kuifuata sukari.

Hakuuliza. Hakuwa na haja ya kuuliza. Dada alikuwa hanywi kitu ili asibanwe na mkojo kazini.

Ndugu hao wawili walifanya kazi mahali pamoja, katika karakana ya kushona sare za shule. Dada alikuwa anatia zipu kwenye sketi, na wenzake walimwita Zipu. Kimya alikuwa mkata nyuzi. Alikaa kwenye benchi mwisho wa ukumbi, mkasi mdogo umefungwa kamba shingoni, akipokea sketi zilizokwisha kushonwa na kukata nyuzi zilizobaki zinaning'inia. Zilikuwa sketi za bluu, za marinda. Zilimpitia mikononi kutwa nzima, naye alizikunja vizuri na kuziweka kando bila kuzitazama sana. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa darasa la nne. Ukimuuliza mama yao sababu, atakwambia ni ada. Kwa kweli mtoto alianza kusema kichwa kinauma, kesho yake akasema tena, na kwa kuwa ada ya muhula ule ilikuwa haijakamilika, hakuna aliyembembeleza arudi. Kimya aliliacha jambo lijulikane hivyo.

Sasa, katika karakana ile palikuwa na kibao. Kilikuwa kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyekundu, kimetobolewa na kutiwa kamba, nacho kilining'inia msumarini karibu na meza ya msimamizi. Aliyetaka kwenda chooni alikichukua, akaenda nacho, akakirudisha. Kama kibao hakipo, kuna mtu chooni, ungoje. Ukumbi mzima, wanawake kwa wanaume, kibao kimoja. Watu walizoea. Mtu huzoea mambo mengi akishapewa nafasi ndogo tu ya kupumua. Lakini shule zilipokaribia kufunguliwa na oda zikafurika, msimamizi alikitoa kibao msumarini, akakitia kwenye droo ya meza yake, akafunga kwa ufunguo mpaka saa ya chakula.

"Choo hakishoni sare," alisema kwenye kipaza sauti, kile alichokitumia ili asikike juu ya makelele ya cherehani. Kisha akacheka mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtu wa kufurahia maneno yake.

Humo ndani kuongea na jirani yako ni kosa, na simu ziliachwa mlangoni katika beseni. Ndiyo maana wanawake wale waliokaa siku nzima bega kwa bega walizungumzia jioni, kila mtu akiwa kwake, kwenye kundi la simu. Waliliita Pole ya Leo. Aliyelianzisha alikuwa Mama Pasi, mwanamke wa makamo aliyenyoosha nguo katika karakana ile tangu wenzake hawajaota meno, na sheria zake zilikuwa mbili.

"Hapa hatuulizani mafanikio," alisema siku ya kwanza. "Mafanikio yako kayatangaze kwingine, wapo wanaoyataka. Hapa unaleta lililokukuta leo, tukupe pole, ulale. Na la pili: hakuna kucheka mpaka mwenyewe acheke kwanza. Atakayecheka kabla ya mwenyewe nitamtoa, hata awe mwanangu."

Walituma sauti kuliko maandishi. Wengine kuandika kuliwachosha, na wengine kusoma kuliwatoa jasho, ila mdomo kila mtu anao. Vifungo, msichana mcheshi aliyeshona vifungo, alileta habari ya kandambili yake kukatika njiani. "Nikaona aibu kutembea mguu mmoja, nikaanza kuchechemea kama mgonjwa. Baba wa watu akanionea huruma, akanishika mkono, akanisindikiza mpaka mlangoni kwangu. Jamani, ningemwambiaje? Nikachechemea mpaka ndani!" Akacheka, na wote wakapata ruhusa ya kucheka. Bi Kola, mshona kola, alileta ya mama mkwe wake aliyekuja kumtembelea na kuosha upya vyombo vyote alivyokuwa ameviosha. Hakucheka. Basi hawakucheka, walimpa pole.

Kimya hakuwahi kutuma sauti. Alituma picha ya ua. Akitaka kutia mkazo, alituma maua mawili, na Vifungo akasema, "Haya, Kimya leo kapiga kelele."

*

Homa ilimpanda Dada katikati ya wiki. Alikuwa anashika kiuno anapoinama, na usiku aligeukageuka mpaka kitanda walicholala wote wawili kikalalamika. Kimya ndiye aliyemsindikiza zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza, akauliza, "Unakunywa maji?"

"Nakunywa," alisema Dada.

Kimya alimtazama. Dada akashusha macho. "Kidogo," akasema.

"Na ukibanwa?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini? Kazini kwenu hakuna choo?"

"Kipo."

"Kimefungwa?"

"Hakijafungwa. Kilichofungiwa ni kibao."

Muuguzi akavua miwani. "Kibao gani tena?"

Dada akamweleza. Muuguzi akasonya kwa nguvu mpaka mgonjwa aliyekaa nje akachungulia. "Yaani watu wazima mnaomba ruhusa kama mko chekechea? Sikiliza, dada yangu. Hivi vidonge vitakutuliza tu. Dawa yako ni maji, na kwenda pale mwili unapokuambia. Ukiendelea kubana, safari ijayo utaletwa umebebwa. Mwambie huyo bosi wako nimesema."

Njiani Dada alicheka. "Mwambie huyo bosi wako. Umemsikia? Kama vile bosi anakaa kunisubiri mimi nimwambie."

Lakini alinunua chupa ya maji. Kesho yake aliiweka kando ya cherehani, akanywa kama alivyoagizwa. Kimya, kule kwenye benchi lake, aliiona chupa ikipungua, na kila ikipungua moyo wake ulipanda.

Dada alisimama, akaenda mezani.

"Kaka msimamizi, naomba kibao."

"Saa ya chakula imefika?"

"Nimebanwa."

"Hapa wote tumebanwa. Na kazi."

Wapakiaji waliokuwa karibu wakacheka. Walikuwa vijana wa kiume, wapakiaji wale, nao mlango wao wa nyuma ulikuwa unafunguka kwenye uwanja wenye ukuta mrefu. Kibao hakikuwahi kuwahusu sana.

"Nimetoka hospitali jana," Dada alisema kwa sauti ya chini. "Wameniambia nisibane."

"Na mimi jana nimetoka kwa tajiri, ameniambia sketi zitoke. Sasa kati ya daktari wako na tajiri, nani analipa humu ndani? Rudi kwenye mashine."

Akarudi. Baada ya muda akaenda tena, na safari hiyo msimamizi hakuinua hata kichwa, alipunga tu mkono kama anayefukuza nzi. Dada akarudi tena, akakaa. Kimya alimwona amekaza magoti, mguu mmoja juu ya kanyagio ukitetemeka, sketi inakwenda mbele kidogo, inasimama, inakwenda kidogo. Halafu cherehani ikanyamaza kabisa. Dada alikaa wima akitazama ukuta. Kisha polepole, kama mtu anayefanya jambo alilokwisha kulipanga, alichukua chupa, akaifungua, akaimimina yote mapajani.

"Jamani! Nimemwagikiwa maji!"

Bi Kola akamtupia kitambaa. Msimamizi akapiga kelele, "Angalia sketi hizo!" Mambo yakaisha, cherehani zikaendelea. Lakini Kimya alikaa na mkasi umeshikwa wazi hewani. Mtu aliyemwagikiwa maji huruka. Dada hakuruka.

*

Jioni ile mama alikuwa jikoni kwa jirani. Dada alikaa ukingoni mwa kitanda, akaleta simu karibu na mdomo.

"Wenzangu, pole ya leo nipeni mimi. Yale hayakuwa maji. Maji yalikuja baadaye, ya kufunika. Niliomba kibao mkanisikia. Niliomba tena. Mimi mtu mzima, wenzangu, naheshimika kwetu, nikajikojolea kwenye stuli kama mtoto mchanga, halafu nikaendelea kutia zipu nikiwa nimelowa mpaka tukatoka. Ndiyo hivyo. Nimeona nikilala nalo peke yangu litaniua."

Hakucheka. Kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Vifungo alituma sauti. "Dada Zipu, pole. Natafuta neno lingine sina. Pole." Bi Kola akasema kwa kunong'ona, maana mumewe alikuwa karibu, "Mimi nafunga kitambaa ndani tangu walipokitia kibao kwenye droo. Kitambaa, kama kichanga. Sijamwambia mtu. Usijione uko peke yako." Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema naye hagusi chai asubuhi. Mwingine alisema amepanga kuacha kazi akipata pa kwenda. Dada alisikiliza zote, na mara ya kwanza tangu augue, alilala bila kugeukageuka. Kimya alituma maua matatu.

Mama Pasi peke yake hakujibu. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji tangu mchana.

Simu ya Mama Pasi ilikuwa na ugonjwa wake. Spika ya sikioni ilikufa, ikabaki ile ya nje, kwa hiyo kila sauti aliyotumiwa ilisikika mpaka kwa majirani. Na vidole vya Mama Pasi navyo vilikuwa na ugonjwa wao. Vilikuwa vimeungua kwa pasi mara nyingi mno, ngozi ikawa ngumu kama ganda, hata kioo cha simu kilikuwa hakikitambui kidole gumba chake. Alizoea kubonyeza na kubonyeza tena.

Asubuhi alifika getini simu ikiwa na chaji, akafungua kundi, akaisogeza sikioni. Alikuwa amesikia maneno machache tu ya sauti fupi iliyotangulia ya Dada king'ora kilipolia. Akabonyeza kusimamisha. Sauti ikanyamaza, akaona imekubali. Kumbe haikukubali. Ilikuwa imemaliza moja na inajiandaa kuanza nyingine, maana sauti zile zikishaanza hufuatana zenyewe. Akaitia simu kwenye beseni pamoja na za wenzake, akakimbilia pasi yake.

Beseni lilikuwa pale mlangoni, miguuni pa meza ya msimamizi. Cherehani zilikuwa hazijaanza. Na kutoka ndani ya beseni, chini ya simu zote zile, ikatoka sauti ya Dada, nzito, imekuzwa na plastiki kama inatoka kisimani: "Wenzangu, pole ya leo nipeni mimi."

Mama Pasi aliitambua kwanza. Alitupa pasi chini na kukimbia, mama yule, nguo imemkwama miguuni. Lakini msimamizi alikuwa karibu zaidi. Aliinama, akapekua, akaipata simu. Alisikiliza mpaka mwisho huku nyusi zimepanda. Angeweza kuizima. Hilo ndilo jambo ambalo Kimya alilirudia kichwani siku zilizofuata: palikuwa na nafasi hapo katikati, nafasi ya kutosha mtu kuwa mtu, na kidole chake kilikuwa laini, kioo kingemtii. Badala yake aliwasha kipaza sauti, akakiwekea simu mdomoni kama anayekilisha, akaanzisha sauti upya. Kwa mkono wa pili alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akarekodi.

Ukumbi mzima ukasikia. *Mimi mtu mzima, wenzangu, naheshimika kwetu.* Wapakiaji wakaangukiana mabegani. Mmoja akaiga, "Jamani! Nimemwagikiwa maji!" na kicheko kikapanda hadi kwenye mabati.

"Kumbe," alisema msimamizi. "Kumbe tunashonea watoto sare, na wengine wetu tunahitaji kushonewa nepi. Hebu leteni nailoni moja ya kupakia. Mfunikieni stuli yake. Mali ya tajiri isije ikanuka."

Mpakiaji alileta nailoni, akaitandaza juu ya stuli ya Dada, akailainisha kwa kiganja kama anayetandika kitanda cha mgeni.

Dada alisimama pale muda ambao kila mtu angeweza kusema neno. Aliwatazama. Alimtazama Bi Kola, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwenye kola. Alimtazama Vifungo. Alimtazama mdogo wake. Kisha akaikunja sketi iliyokuwa nusu, akaiweka mezani vizuri, akatoka. Hakuna aliyefungua mdomo. Mkasi wa Kimya ulikuwa unaning'inia shingoni, mzito kama jiwe.

*

Habari ilifika nyumbani kabla ya Kimya. Aliposhuka mtaani aliwakuta watoto bombani, mmoja anajimiminia kopo la maji miguuni na kupiga kelele, "Jamani! Nimemwagikiwa maji!" na wenzake wakigaagaa kwa kicheko. Watoto wenyewe walikuwa hawajui wanachochekelea. Wakubwa wao walijua, nao walikuwa wanatazama kando.

Ndani, mama alikuwa amesimama katikati ya chumba. Dada alikuwa amelala, uso ukutani.

"Nimekwenda bombani," mama alisema, akimgeukia Kimya kwa kuwa mwingine alikuwa hageuki. "Nimepishwa foleni. Mimi! Watu ambao jana tungegombania ndoo, leo wananiambia mama tangulia, pole. Pole ya nini? Mpaka mmoja akanionyesha simu." Akageukia kitanda. "Ungenyamaza tu! Mtu yanamkuta, anayameza, anafua nguo zake, basi. Nani alikutuma ukayaseme kwenye simu? Hizo simu zina siri gani?"

"Mama," Dada alisema akiuambia ukuta, "mimi niliomba choo. Nikanyimwa. Mbona tangu asubuhi hakuna hata mmoja anayeuliza aliyeninyima? Yeye hana mama? Mama yake anapishwa bombani?"

Mama akakaa juu ya ndoo, kanga ikamteleza, hakuiokota.

Simu ya Dada ililia na kulia. Mama Pasi alikuwa analia kwenye sauti moja baada ya nyingine. "Mwanangu, kidole hiki. Nikikate nikupe? Niambie nikikate." Vifungo alituma sauti, Bi Kola akatuma. Dada hakusikiliza hata moja. Alichukua simu, akajitoa kwenye kundi, akaigeuza kifudifudi.

"Wanakuombea radhi," Kimya alisema. Alisema polepole, karibu na sikio lake. "Wanasema wanaona aibu."

"Jana usiku walisema mengi. Kila mtu alisema yake, kitambaa, chai, nini. Nikaona nina watu. Leo asubuhi nimesimama pale, walikuwa wapi hao watu? Wote walikuwemo humo humo ukumbini. Na wewe ulikuwemo."

Kimya alitoka nje akakaa karibu na mfereji. Sisimizi walikuwa hawapo tena.

Asubuhi mama alimimina chai vikombe vitatu. "Amka," alimwambia Dada, safari hii kwa upole. "Ukikaa ndani ndio watazidi. Nenda uso mkavu, watachoka wenyewe."

"Siwezi leo," alisema Dada. "Kichwa kinaniuma."

Chai ilimmwagikia Kimya, ikamchoma vidole. Maneno yale alikuwa anayajua. Alijua kesho yatakuwa yale yale, na keshokutwa, na kwamba mama atachoka kubembeleza, na kwamba siku moja ukuta utakuwa ndio mahali mtu anapokaa, na watu watasema ni kwa sababu nyingine, na mwenyewe ataacha ijulikane hivyo. Alimtazama dada yake mgongo, fundi wa zipu aliyekuwa anaimba akifua, ambaye mtaa mzima ulimletea nguo za kurekebisha, na akaona mtoto wa darasa la nne.

*

Nailoni ilikuwa bado ipo kwenye stuli. Msimamizi aliagiza isiondolewe.

"Na mwenyewe yuko wapi?" aliuliza kwenye kipaza sauti, macho kwa Kimya. "Bado ameanikwa?"

Wapakiaji wakacheka, ingawa si kama jana. Kimya alikata uzi. Akakata mwingine. Hakuwa amebanwa. Asubuhi ile hata yeye hakuwa amekunywa chai, ilimwagika yote. Lakini alisimama. Miguu yake ilimshangaza ilivyokuwa inakwenda, mmoja, halafu mwingine, katikati ya mistari ya cherehani, mpaka akafika mezani.

"Naomba kibao," alisema.

"Nani amesema?" Msimamizi alijifanya anatafuta chini ya meza. "Kumbe hiki kinaongea! Rudia, wengine hawajawahi kukusikia."

"Naomba kibao."

"Kipo kwenye droo mpaka saa ya chakula. Na wewe ni wa ukoo huo huo? Tukuletee nailoni kabisa?"

Uso wa Kimya ulikuwa unawaka. Angetaka kusema maneno mengi, lakini yalimkwama, likapita moja tu jembamba. "Basi nakwenda bila kibao."

Akageuka, akaelekea mlango wa choo. Nyuma yake msimamizi alisimama kwa kishindo, kiti kikaanguka. "Ukivuka huo mlango, kazi huna!"

Kimya alivuka. Ndani ya choo alisimama tu, mgongo kwenye mlango, anahema kama aliyekimbizwa. Hakufanya lolote. Alisikia cherehani moja ikinyamaza, halafu nyingine. Alipofungua, Mama Pasi alikuwa amesimama pale nje, mikono kiunoni, pasi yake ameiacha inafuka.

"Umemaliza, mwanangu? Nipishe. Nina umri wangu mimi, siombi mbao."

Nyuma yake alikuwa Bi Kola, na nyuma ya Bi Kola alikuwa Vifungo akibana magoti kwa makusudi, na nyuma yake wengine. Hawakuwa wote. Wapo waliobaki kwenye stuli zao wakitazama sindano, wenye watoto wengi na wenye woga mwingi, na huwezi kuwalaumu. Msimamizi alikwenda na kurudi mbele ya foleni na kipaza sauti chake. "Nawaandika wote! Tajiri atajua! Kesho tutaonana!" Akafika kwa Vifungo. "Wewe nawe umebanwa?"

"Sana," Vifungo alisema. "Na kazi."

Hapo mpakiaji mmoja akacheka, na safari hii hakuwa anamcheka mwanamke. Msimamizi alimgeukia kwa macho makali. Wakati akiwa amegeuka, Bi Kola alitoka kwenye foleni, akaenda kwenye stuli ya Zipu, akaivuta ile nailoni, akaikunja mara nne na kuiweka juu ya meza ya msimamizi, karibu na droo.

*

"Wamefukuzwa?" Dada aliuliza jioni, uso bado ukutani. Mama alikuwa amemsimulia yote, naye alisimuliwa bombani.

"Bado," alisema Kimya. "Anasema kesho."

"Sasa umefanya nini? Na wewe utakosa kazi. Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mimi sirudi, Kimya. Usihangaike. Nimeshakuwa kichekesho cha watu. Hata wakikitoa kibao kwenye droo wakipige picha, mimi nitabaki yule yule wa nailoni. Wewe hujui. Haijakukuta."

Mama alikuwa anachagua mchele mlangoni. Mkono wake ulisimama.

Kimya alikaa ukingoni mwa kitanda, pale pale Dada alipokaa siku ile. Alitoa simu, akalifungua kundi. Lilikuwa limejaa sauti za wenzake, wengine wanaogopa kesho, wengine wanacheka kidogo. Kidole kilielekea kwenye ua kwa mazoea. Akakiondoa. Akabonyeza pa kurekodi, akaisogeza simu mdomoni, na sauti yake ikatoka imekwaruza.

"Wenzangu, ni mimi. Kimya. Pole yangu si ya leo, ni ya zamani. Mama anasema niliacha shule kwa ada. Haikuwa ada. Wala kichwa hakikuwa kinauma. Nilibanwa darasani, nikanyoosha mkono, nikaomba kwenda nje. Mwalimu akasema kaa chini. Nikaomba tena. Akasema kaa chini, wewe unapenda kuzurura."

Kitanda kililia. Dada alikuwa amegeuka.

"Nikakaa chini. Sketi yangu ilikuwa ya bluu, kama hizi tunazoshona. Ilipoingia maji ikawa nyeusi, na benchi likalowa mpaka kwa mwenzangu. Wakacheka wote, na mwalimu akawaacha wacheke. Akanitoa mbele, wanione. Nikasema moyoni sirudi tena, na sikurudi. Tangu siku ile siongei, nikiogopa nikifungua mdomo mtu atanikumbuka. Nilidhani aibu ile ni yangu. Jana nimeona nailoni juu ya stuli ya dada yangu, nikajua haikuwa yangu hata kidogo. Mwenye nayo aje aichukue, mimi nimechoka kumbebea."

Alivuta pumzi. Kidole bado kilikuwa kimebonyeza. Hakuwa anaiambia simu tena, alikuwa anamtazama dada yake.

"Niliomba, Dada. Niliomba kama wewe. Niliomba vizuri."